Pampu Kubwa Kuliko ya Mama Aurélie

Katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, jirani na mji wa Mpanda, mtu wa kwanza kulima bustani kando ya kijito alikuwa Salvatori, na hilo hakuna aliyelibishia. Alifika mwaka sabini na mbili akitoka Burundi na mkewe Générose, mtoto wao Dieudonné mgongoni, mbegu za kabichi zimefungwa kwenye pindo la kanga. Wenzake walipokuwa wakifyeka pori wapande mihogo, yeye alishuka bondeni akapiga matuta. Kwa zaidi ya miaka ishirini alimwagilia kwa keni mbili za bati, moja kila mkono, akipanda na kushuka mteremko ule asubuhi na jioni. Kiangazi kikikaza, wanunuzi wa mjini walioteremka barabarani na baiskeli zao waliuliza kwanza nyanya za Salvatori. Sifa hiyo aliipenda kuliko hata nyanya zenyewe.

Basi mwaka tisini na tano Annonciata akanunua pampu.

Annonciata alikuwa mjane, watu wakimwita Mama Aurélie, na bustani yake ilipakana na ya Salvatori kwa mpaka wa matete tu. Kulima nyanya alifundishwa na nani? Na Salvatori huyohuyo, mwaka ule mumewe alipofariki. Alilima tumbaku misimu miwili, akaweka akiba, halafu siku moja akarudi kutoka Mpanda na mashine ndogo nyekundu imefungwa nyuma ya baiskeli. Wiki hiyohiyo mpira wake ukawa unamwaga maji juu ya mteremko, naye amesimama na kanga safi, miguu mikavu.

Salvatori aliiona ile mikondo ya maji kupitia matete, roho ikamuuma kama jino bovu. Hakuonea wivu pampu peke yake. Alionea wivu ile miguu mikavu.

Sasa, kwa watu wa kule, kitu kipya cha kazi hakihesabiwi kuwa cha mtu mpaka majirani wamekinywea. Iwe baiskeli, iwe bati la nyumba, mwenyewe huloweka mtama, hupika pombe, huweka chungu karibu na kile kitu, na majirani hukizunguka na mirija yao. Mrija wa kwanza hupewa aliyesaidia kazi. Kikiisha kunywewa, kitu kina mwenyewe, na hakuna asiyekijua. Annonciata akapika, akatuma mtu kumwita Salvatori wa kwanza kabisa.

"Mwambie mguu unaniuma," Salvatori akajibu. Mguu wenyewe ulikuwa mzima, ulikuwa unapiga teke jiwe muda huohuo.

Générose akaenda peke yake. Aliporudi alikuwa na mengi ya kusimulia, akaanza, "Baba Dieudonné, ungeona ile mashine walivyoiweka! Kumbe iko kulekule chini..."

"Habari za huko zibaki hukohuko."

Générose akaenda zake jikoni. Alikuwa mwanamke wa kusema mara moja.

Mwaka mzima Salvatori aliishi na mlio ule masikioni. Hakukanyaga upande wa pili wa matete hata mara moja. Alisikia pampu ikinguruma, akaona maji yakitoka, akaona pia Malale, Msukuma aliyekuwa mnunuzi wake wa siku zote, akiegemeza baiskeli kwa Annonciata kwanza na kumfikia yeye baadaye, matenga yakiwa nusu yamejaa. Hapo ndipo alipoamua. Akauza dume lake la ng'ombe, akaomba kibali cha kutoka makazini, akaenda Mpanda.

Mwenye duka la mashine alikuwa mtu wa maswali. Bustani ina upana gani? Kutoka maji yalipo mpaka utakapoiweka pampu, ukingo una kimo gani?

"Ile nyekundu ndogo unaijua?" Salvatori akauliza.

"Naijua, ninazo mbili."

"Nipe kubwa kuliko ile."

"Mzee wangu, ukubwa si hoja. Nauliza ukingo kwa sababu..."

"Nipe kubwa kuliko ile!"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema lolote kuhusu mtu anayeulizwa akakataa kujibu. Akapewa kubwa. Ilikuwa ya buluu, nzito kama mbuzi aliyeshiba, na ilirudi Katumba juu ya mkokoteni, Salvatori akitembea mbele yake kama bwana harusi.

Mahali pa kuiweka alikuwa ameshapachagua siku nyingi. Juu kabisa ya mteremko, kando ya barabara, alijenga jukwaa la tofali za kuchoma na kuliezekea nyasi, ili kila apitaye aione. Pombe hakupika. Angepika, ingembidi amwite Annonciata, na hakutaka mrija wake kwenye chungu chake. Waione tu, inatosha. Na kwa furaha ya siku hiyo akamwita Apolinari, mzee jirani asiye na kitu, akamkabidhi zile keni mbili za bati. "Chukua, mimi na keni tumeachana."

Kutoka jukwaani mpaka kijitoni ulikuwa urefu wa watu sita waliosimama mabegani pa wenzao. Salvatori akateremsha mpira wa kuvutia, akaijaza pampu maji kama alivyoelekezwa, akavuta kamba. Injini ikanguruma, barabara nzima ikageuka kutazama. Mpira wa kutolea ukatema lile kombe la maji aliyoyatia mwenyewe, ukakohoa, ukanyamaza.

Akajaza tena. Ikakohoa tena. Akafunga maungio kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akidhani yanavuja hewa. Kesho yake akabadilisha mafuta. Keshokutwa yake akaanza kusema kuna mtu amemtilia jicho baya, na jicho hilo alijua linakaa upande gani wa matete. Ilikuwa Septemba, jua linakaanga. Nyanya zake zilikuwa kwenye maua, msimu wake wote uko pale, na ukiyanyima maji maua ya nyanya siku tatu hayakungoji. Yalianza kudondoka, ya manjano, juu ya udongo uliopasuka. Salvatori aliyaokota mkononi. Keni angeziomba vipi, na alizitoa mbele ya watu?

Siku ya nne Générose hakuomba ruhusa. Alivuka matete, akarudi na Annonciata.

Salvatori akamkazia macho usoni akisubiri acheke. Alitamani acheke, apate sababu ya kumchukia kwa haki. Annonciata hakucheka. Alitazama jukwaa, akatazama bondeni, akagusa injini ikawa inaunguza.

"Kaka Salvatori, mashine yako haina ubaya wowote, ni nzuri kuliko ya kwangu. Ila umeiweka juu sana. Hizi mashine kusukuma zinaweza, hii yako hata mpaka barabara ya ng'ambo itasukuma. Kuvuta ndiyo haziwezi, iwe kubwa iwe ndogo. Lazima ikae chini karibu na maji. Ukizidi kuiwasha kavu hivi, utaiunguza."

"Nani kakwambia?"

"Mwenye duka. Aliniuliza ukingo, na mimi nikamuuliza kwa nini."

Salvatori akamgeukia mkewe. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Niliiona kwa macho yangu siku ile ya pombe, iko chini kwenye matete. Nilianza kukwambia. Ukasema habari za huko zibaki hukohuko."

Wakaitwa wanaume wawili, mashine ikatiwa mti wa kubebea, ikateremshwa. Annonciata mwenyewe alishika mpira, akaonyesha namna ya kuzamisha chujio lisifukue matope. Apolinari naye akaja na zile keni, akazijaza kijitoni, akaanza kumwagilia mstari wa mwisho uliokuwa na hali mbaya zaidi. Salvatori akavuta kamba. Maji yakapanda mteremko, yakafika juu, yakamwagika kwa nguvu ambayo pampu nyekundu haikuwahi kuiota. Nusu ya maua ilikuwa imekwenda, lakini nusu ilibaki. Annonciata akajifuta mikono, akaaga, akarudi kwake.

Salvatori akasimama katikati ya maji yake, miguu imelowa, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Ukatulia muda wa mtu kuvuta sigara moja. Kwa maana huko juu barabarani Malale alikuwa anapita na baiskeli, akasimama akapiga kelele kwa furaha, "Ee bwana! Leo mashine ya Mama Aurélie inanguruma kweli! Kafunga nyingine nini?"

Salvatori alipanda ule mteremko mbio, hajawahi kuupanda hivyo hata ujanani. "Ni ya kwangu! Malale, hiyo ni ya kwangu!"

Malale akatazama jukwaa la tofali, tupu chini ya paa lake. Akatazama bondeni, matete tu. "Ya kwako? Mbona hatujainywea? Ile ya Mama Aurélie niliinywea mwenyewe. Ya kwako sijaisikia." Akapanda baiskeli yake, akaenda zake kwa Annonciata kuangalia.

Salvatori akashuka polepole. Générose alikuwa ameketi juu ya keni moja iliyopinduliwa, akiyatazama maji.

"Loweka mtama," Salvatori akasema.

"Na mrija wa kwanza?"

Salvatori akayatupia macho matete ya mpakani.

"Mpe yeye, ndiye aliyesaidia kazi," akasema. Halafu akainama kunyoosha mpira uliokunjika. "Lakini chungu kiwe kikubwa kuliko kile cha kwake."