Mgongo wa Baba

Harufu ya pasi ya makaa ikigusa kitambaa chenye unyevu hunirudisha kwetu Kindu, Kongo, hadi leo, asubuhi mama alipokuwa akinyoosha abakosti ya baba, ile suti isiyovaliwa na tai. Ilikuwa moja tu, ya kijivu, lakini akiivaa ungedhani anazo tano. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwembamba, na alitembea amenyooka hata majirani wakamwita Mlingoti. Mama alitania kwamba aliolewa na kidevu kwanza, sura aliiona baadaye.

Mimi nilikuwa mtoto mwoga. Nikiitwa ubaoni, mabega yalinipanda hadi masikioni na sauti ikazama tumboni. Baba, ambaye mwaka ule ndiye aliyefundisha darasa letu, hakunigombeza. Jioni alinisimamisha uani, kati ya kuku na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akanirudisha mabega nyuma kwa vidole viwili.

“Mwili njo mama, moyo njo mutoto,” alisema kwa Kiswahili cha kwetu, “njo” ikiwa “ndio”. “Pale mama anaenda, mutoto anafuata. Usingoje woga uishe. Simama kwanza.”

Nilisimama, nikijiona mjinga. Lakini wiki ile nilisoma ukurasa mzima mbele ya darasa, mabega yakiwa chini. Tangu hapo niliamini baba ana dawa ambayo hata hospitali hawana.

Kisha mkubwa mmoja wa chama tawala akaja kutoka Kinshasa. Shule yetu ilipelekwa uwanja wa ndege tangu alfajiri, kuimba na kucheza juani. Walimu waliamriwa kwamba mgeni akipita, wacheze wameinama, mikono magotini. Baba aliimba, alipiga makofi, ila mgongo haukushuka. Sidhani alikuwa anakataa chochote. Mwili wake ulikuwa haujui namna nyingine.

Mgeni alisimama mbele yake. Akauliza kwa sauti ya upole, “Huyu anayesimama kama yeye njo mgeni, ni nani?”

Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nilifurahi, maana nilidhani amesifiwa.

Kesho yake watu wawili walimtoa darasani. Kila siku mama alipeleka chakula kwenye lango la mahali walipomfungia, na bakuli lilirudi tupu bila yeye kujua nani amekula. Baada ya wiki tano baba alirudi kwa miguu yake, mchana, mgongo umepinda, akitazama chini kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Muuguzi jirani yetu alimbonyeza uti wa mgongo, pingili moja moja, akasema hakuna kilichovunjika. Tulishangilia. Mama alichinja kuku. Kama haukuvunjika, basi utanyooka.

Nilingoja majuma mengi. Alasiri moja, baba ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, nikaamua kumpa dawa yake mwenyewe. Nilipita nyuma yake, nikayavuta mabega kwa vidole viwili. Yalikuja bila ubishi, laini, kama ya mtoto. Nilipoyaachilia, yakarudi yalikotoka.

“Baba, simama kwanza,” nilimwambia. “Moyo utafuata.”

Aliweka mikono magotini.

“Kule walituinamisha kila siku,” alisema. “Nikajiambia, acha wachukue mgongo, moyo wangu hawataufikia. Nikainama, mwanangu. Na moyo ukafuata.”

Hatukulizungumzia tena. Alirudi kufundisha, akiandika nusu ya chini tu ya ubao. Wakati wa mapumziko wanafunzi walimwigiza, na siku moja nami nilicheka pamoja nao. Alifariki kabla sijamaliza sekondari, akiwa bado hajanyooka.

Kwa miaka mingi niliamini somo lake lilikuwa uongo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba lilikuwa kweli, na hapo ndipo penye ubaya wake: waliomkamata walilijua vizuri kuliko yeye. Nikikumbuka Kindu ya miaka ile, nawaona watu wakipita mbele ya ofisi ya chama wamebana ukuta, vichwa chini, ingawa hakuna aliyewaambia kitu. Mama alipita hivyo. Nami nilipita hivyo.

Sasa nina watoto. Nimewafundisha maneno ya baba, neno kwa neno, na kuwaambia wasimame. Wananitazama kwa heshima, kisha wanasimama kama ninavyosimama mimi, vichwa chini.