Niliinua pikapu, nikapima alignment kwa kamba, nikamfukuza dereva

Wakuu, nawasalimu kutoka Rusizi, upande wa Rwanda unaotazamana na Bukavu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na mkosaji ni mimi, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuyatia chumvi.

Mimi ni mzee. Nilikulia Bukavu, nikamaliza sekondari huko, nikarudi huku nikiwa na familia. Nina pikapu moja inayoshusha kabichi na viazi kutoka milima ya Nkungu hadi mjini Kamembe. Dereva wangu alikuwa Selestini, mtu wa Mibirizi. Alikaa na mimi miaka sita.

Barabara ya Nkungu ina mawe, na pikapu ilikuwa inagonga tumbo. Nikaamua kuiinua.

Fundi wa Kamembe akaongeza majani ya springi nyuma. Mbele akakaza vile vyuma virefu vinavyobeba gari. Ikapanda karibu vidole vitano. Nilikaa kando yake nikiitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Fundi akaniambia, "Mzee, sasa uipeleke ku paralelisme. Ku mashini, hapana ku macho."

Paralelisme ndiyo wheel alignment, kwa wasiojua.

Nikamjibu kwamba nilijifunza kupanga matairi kwa kamba huko Bukavu kabla yeye hajazaliwa. Alinawa mikono.

Kwa kamba unahitaji mahali tambarare. Wilaya yetu ni milima, na tambarare yenyewe wameijengea uwanja wa ndege. Nikachagua ua wangu, kwa sababu mvua ikinyesha maji husimama pale bila kujua pa kwenda. Nikavuta kamba kutoka tairi za nyuma hadi za mbele, nikarekebisha, nikapima tena. Sawasawa.

Siku ya pili Selestini akanijia.

"Mzee, hii gari inavuta ku gauche." Akaonyesha kushoto kwa mkono.

"Miaka sita haijawahi kuvuta."

"Miaka sita haikukuwaga mrefu hivi."

Nikamwambia ashike volani, yaani usukani, kama mwanaume. Akaenda kuishika.

Baada ya wiki tatu, tairi mpya ya mbele kushoto ilikuwa imelika ukingo wa nje kama iliyonyolewa. Selestini akanionyesha kwa kidole. Mimi nikaona ushahidi kwamba anakata kona kwa kasi.

Kisha ikaja siku ya kona ya kushuka kutoka Nkungu. Pikapu ilivuka barabara ikaingia katika shamba la maharage. Hakuna aliyeumia. Kabichi zilitangulia bondeni.

Mle ndani alikuwemo Maman Noela, mfanyabiashara wa Bukavu, mwenye hizo kabichi. Nilipofika nikaanza kumfokea Selestini kuhusu mwendo. Yule mama alikuwa ameketi ukingoni akitoa udongo kwenye viatu.

"Papa, huyu hakukuwa anakimbiza. Tulikuwa tunatembea kama bantu ba msiba."

Ni shahidi aliyekuwa ndani ya gari, na aliyepoteza mali kuliko mtu yeyote pale. Nikamwambia mambo ya magari hayajui. Nikamfukuza Selestini palepale, shambani, mbele ya watu waliokuja kuokota kabichi.

Sasa ngoja niwaeleze desturi yetu, maana hapo ndipo nilipofanya dhambi kubwa.

Kwenye parking ya Kamembe wenye magari hawasomi barua za dereva. Humuuliza bosi wa zamani swali moja: "Wewe ungemupa gari yako tena?" Wenye magari watatu waliniuliza. Wote niliwajibu hapana. Jibu lenyewe ni fupi, huna hata muda wa kulifikiria.

Selestini akarudi Mibirizi kulima shamba la mama yake. Ana watoto wanne.

Mimi nikaanza kuendesha mwenyewe.

Siku ya kwanza gari likavuta kushoto. Nikasema ni upepo. Siku ya pili pia kulikuwa na upepo. Siku ya tatu majani ya migomba yalikuwa yametulia kabisa, na gari likaenda kushoto.

Nikaipeleka kwenye mashini.

Fundi wa pale akafunga vifaa kwenye magurudumu, akatazama kioo cha mashini, akaniita. Karibu namba zote zilikuwa nyekundu. Akanifafanulia kwamba gari likiinuliwa hivyo, tairi za mbele hulala nje kwa juu, na usukani hupoteza nguvu ya kujirudisha katikati. Tena upande wa kushoto ulikuwa umekazwa kuliko wa kulia. Kamba yangu ilikuwa imepima jambo moja tu, tairi zinaelekea wapi, na hata hilo ilikosea, kwa kuwa ua wangu si tambarare. Ni shimo.

Akauliza, "Mzee, nani alikuwa anaendesha hii?"

"Dereva wangu."

"Huyo ni dereva muzuri sana. Mi singeifikisha hata Nkungu."

Nikamwambia nilimfukuza. Akaendelea kulegeza boliti.

Ilibidi aishushe vidole viwili ndipo namba zikubali. Nikatoka pale gari likienda moja kwa moja, hata nikiachia volani.

Nikaenda parking kuwaambia wale watatu kwamba nilimsingizia mtu. Mmoja wao akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mzee, sasa tuamini wewe wa kwanza ao wewe wa pili?" Wenzake wakacheka.

Nikapanda Mibirizi. Nilimkuta Selestini shambani. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake na majirani, nikamnyooshea ufunguo.

Hakuupokea.

"Mzee, gari yako sitaki. Mi nataka jina yangu."

Tukashuka wote wawili hadi parking. Nilimpeleka kwa kila mmoja wa wale watatu, nikarudia kosa langu huku yeye amesimama kando akisikia. Wawili walikataa. Wa tatu akampa gari lake kwa majaribio, na hadi leo hajamnyang'anya.

Siku hizi tunakutana barabara ya Nkungu, mimi nikipanda, yeye akishuka na mzigo. Pale penye wembamba anarudi nyuma kunipisha, ingawa kwa desturi yetu mwenye mzigo ndiye hupishwa. Hanisalimii.

Nilichojifunza: ukiinua gari, lipeleke kwenye mashini kabla hujalipakia mzigo. Na dereva akikwambia gari linavuta, kaa kwenye kiti chake kwanza, halafu ndipo useme.

Wakuu, wa mambo ya kuinua gari na alignment karibuni mnisahihishe, nitasoma yote. Lakini kama kuna aliyewahi kuchafua jina la mtu akafaulu kulirudisha lote, yeye ndiye ninayetaka kumsikia. Mimi nimerudisha theluthi moja.