Ufito wa Kiti cha Baba

Baba yangu ni mrefu. Nalisema hilo mapema ili ieleweke kwa nini nusu ya mji wa Kasulu ilinicheka niliposema nataka kumnunulia usafiri, na usafiri wenyewe ni vile vigari vidogo ambavyo walimu wa kike na akina mama wa maduka huendea sokoni. Mwalimu mwenzangu shuleni aliniuliza kama nitamkunja mzee mara mbili au mara tatu. Nilimjibu kwamba yeye ni mfupi na bado hajafika popote. Mimi sina subira na watu wa namna hiyo.

Baba alianguka shambani kwake Kagerankanda wakati wa mvua, kwenye mteremko wa migomba, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akarudi nyumbani na magongo. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini alimpa masharti mawili tu: asikae mahali pa chini sana, na asipande mahali pa juu. Baba aliyashika kama anavyoshika maneno ya kanisani. Nyumbani ana kiti chake cha mninga chenye mikono miwili, na humo ndimo alimokaa tangu siku ile. Anaingia kwa kurudi kinyumenyume mpaka auhisi ukingo wa kiti nyuma ya magoti, anashuka taratibu, na wakati wa kuinuka anainuka mwenyewe. Ukimpa mkono anautazama mpaka uuondoe.

Pikipiki ikawa imekwisha kwake. Basi nalo lina ngazi. Mwanzoni sikulitilia maanani jambo hilo, kwa sababu mzee alikuwa na kila kitu pale nyumbani, hadi simu ilipokuja kutoka Kibondo.

Simu ilitoka kwa shangazi, dada yake mkubwa. Anaishi kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Kibondo, na kila mwaka baada ya kuvuna maharage Baba alikuwa akienda kumwona. Sasa shangazi miguu ilikuwa imevimba, moyo umechoka, na daktari alimkataza safari. Hakusema mengi. Alisema, "Mwambieni aje nimwone," kisha akakata simu, maana yeye huamini simu ikikaa sikioni inachemsha kichwa.

Ili mtu aelewe uzito wa maneno hayo lazima ajue habari moja. Familia yetu ilitoka Burundi kwa miguu. Baba alikuwa mtoto wa miaka saba, ana homa kali, hawezi kutembea, na wazazi walikuwa na wadogo wengine wa kubeba. Shangazi, naye msichana tu, alimfunga mgongoni kwa kitenge akavuka naye mto Malagarasi. Baba alikuwa mkubwa mno kubebwa. Baba mwenyewe husimulia kwamba miguu yake ilikuwa inaning'inia hadi kugonga magoti ya dada yake, naye dada hakuacha kumtania kwamba amebeba korongo. Leo sisi ni Watanzania, tuna mashamba, tuna makaburi yetu hapa. Lakini Baba akiwa na dada yake huwa ni yule mtoto, na hilo ni kati ya vitu ninavyopenda kuvitazama duniani.

Tulijaribu kwanza gari la kukodi. Nilichukua gari kubwa, la heshima, kwa sababu kila mtu alisema barabara za huku zinataka gari la juu. Lilipofika uani Baba alivaa koti na kofia yake ya pama, akalizunguka, akaweka mguu mmoja kwenye kikanyagio. Nyonga ikakataa. Tukaleta kigoda, ikakataa. Dereva akasema wamnyanyue vijana wawili. Baba akasema hapana, asante, akampa dereva mkono na kumtakia safari njema, kisha akarudi kwenye kiti chake akakaa na koti lake mpaka jioni. Niliona uchungu ambao siwezi kuupamba.

"Baba, wangekunyanyua tu," nilimwambia. "Ni mara moja."

"Nikifika nitainuliwa tena, mwananje," alisema. "Nitamsalimia mushikanje nikiwa nimeshikwa kama gunia?"

Mwananje ni mwanangu, na mushikanje ni dada yangu, kwa lugha yetu ya nyumbani. Kwetu mdogo hamsalimii mkubwa akiwa amekaa. Anasimama, anasogea, anakumbatia, mikono inashikana na salamu inachukua muda wake, habari za watu, za ng'ombe, za mvua. Kumsalimia dada mkubwa kupitia dirisha la gari kwa Baba lilikuwa jambo lisilowezekana. Kwa hiyo swali likawa si gari lipi litamfikisha, bali gari lipi litamruhusu kushuka na kusimama mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameshakata ufito wa mkaratusi. Aliuweka wima kando ya kiti chake cha mninga, akakata kwa kisu pale ulipolingana na kikalio cha kiti, akanipa. "Nenda nao," alisema. "Gari likiwa juu ya huu, acha. Likiwa chini ya huu, acha."

Basi nikaanza kuzunguka Kasulu na ufito. Nilikuwa nimeweka akiba yangu ya muda mrefu, na mshahara wa mwalimu unajulikana, kwa hiyo vigari vidogo ndivyo vilivyokuwa vyangu tangu mwanzo. Vinanusa tu mafuta, spea zake zinapatikana hata dukani kwa muuza misumari, na fundi yeyote anavijua. Dalali mmoja pale karibu na stendi alinionyesha kwanza magari makubwa, eti mwalimu lazima uonekane. Nilipoinama na kuchomeka ufito kati ya ardhi na kiti, alidhani natafuta nyoka.

"Mwalimu, watu wanapima injini," alisema.

"Injini haina nyonga," nikamjibu.

Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alinishauri niagize Japani. Alinitumia picha kwenye simu, vigari vinavyong'aa, kilometa chache, bei inayovumilika. Vilikuwa vizuri kweli, na usiku nililala navyo akilini. Lakini ufito haukufika Japani, na picha huwezi kuikalia. Nikamwambia nitanunua cha mkononi, kilichotembea hapa hapa, ambacho mzee anaweza kukikalia kabla sijatoa hata senti. Alinicheka, akasema nimekuwa mshamba. Nilikubali.

Kigari cha kwanza nilichopata ni Vitz ya mtu wa chuo cha ualimu. Namba yake ya zamani kidogo, rangi safi, na ufito ulisimama sawasawa na kiti. Nilifurahi nikaenda nayo Kagerankanda siku hiyo hiyo. Baba akarudi kinyumenyume, akashuka, na kiti kikazama naye. Sponji ya kiti hicho ilikuwa imechoka miaka mingi, na mimi nilikuwa nimepima kiti kitupu. Tulihangaika naye kumtoa, mama yangu akisukuma huku mimi navuta, naye Baba akicheka hadi machozi, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanguke. "Mwalimu wa hesabu huyu," alisema alipopata pumzi.

Sasa nikawa na tatizo jipya. Kila gari nilipaswa kulipeleka Kagerankanda, au kumpata mtu mzito wa kukikalia kiti ili nipime.

Mtu huyo alijileta mwenyewe. Kuna mama mmoja ana duka la vitambaa Kasulu, kwao asili ni Tanga, Mwislamu mcha Mungu, mnene, mcheshi, na Kiswahili chake kinateleza kiasi kwamba sisi wa huku tukimsikia tunaona aibu kufungua mdomo. Alikuwa anauza kigari chake, IST, kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua. Alinisikiliza habari nzima, ya nyonga, ya ufito, ya shangazi, bila kunikatiza hata mara moja, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Kisha akaondoa viatu, akafungua mlango wa mbele wa abiria, akakaa kwa uzito wake wote.

"Pima sasa, mwanangu," alisema. "Kikinibeba mimi kisizame, mzee wako hatakizamisha."

Nikachomeka ufito. Ulisimama sawa na kiti, yeye akiwa juu yake. Sikuamini, nikapima tena.

"Ehe?"

"Sawa kabisa, mama."

"Alhamdulillahi. Lakini usinunue bado. Mpelekee kwanza mzee akikalie. Nenda nalo, siku yoyote utakayo lirudishe."

Alinipa ufunguo vile vile, bila karatasi, bila kunidai kitu. Nimekutana na watu wengi wema, lakini mama yule namweka mbele yao. Fundi wangu alilichungulia chini, akasikiliza injini, akavuta shokapu, akasema hili limetunzwa na mtu anayeogopa matuta. Hilo lilinitosha.

Kagerankanda Baba aliingia kinyumenyume. Kiti kikamshika. Kichwa kikagota kwenye paa, kwa sababu ya pama. Pama ile haivui ila kanisani na mezani. Akaivua, akaiweka magotini, akanyoosha shingo, na kati ya nywele zake na paa ikabaki nafasi ya kupitisha kiganja. Akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akaweka mikono kwenye mapaja, akainuka. Peke yake. Akavaa pama, akalitazama gari, akasema kwa sauti ya mtu anayekubali mkwe, "Ego, ndiyo. Hili tutaelewana."

Nikamlipa yule mama wa duka, na Jumamosi tukaondoka. Mama yangu alibaki na mifugo, akatufungia maharage na ndizi za kumpelekea wifi yake. Baba alivaa koti lile lile. Kigari kilikwenda vizuri, nakisifu mpaka leo, kwenye lami kinateleza na kwenye changarawe kinachagua njia kama mbuzi. Tulipita Makere, tukapita njia panda ya Nduta ambako malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa yamepanga foleni. Baba akatazama upande wa kambi mpaka ukapotea. Mshale wa mafuta haukushuka kwa kiasi cha kunitia wasiwasi, na mimi ni mtu wa kutiwa wasiwasi na mshale.

Nilichokuwa naogopa ni mwisho wa safari. Kutoka barabarani hadi kwa shangazi ni kinjia katikati ya migomba, upana wa baiskeli mbili, na gari kubwa lingeishia barabarani, mzee atembee mteremko wote kwa magongo. Kigari kikaingia. Majani ya migomba yalipangusa vioo pande zote, watoto wakakimbia mbele yetu wakipiga kelele, jirani mmoja akasogeza mtungi wake, na tukasimama mlangoni hasa kwa shangazi, pua ya gari ikikaribia kugusa ngazi yake. Nilitaka kumpigia simu yule dalali.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, mdogo, amekauka, miguu imefunikwa na kitenge. Niliruka kwenda kumfungulia Baba mlango, naye akauweka mkono wangu pembeni. Akatoa mguu mmoja. Akatoa wa pili. Akaweka mikono kwenye mapaja akainuka, akanyooka, akasimama na urefu wake wote mbele ya dada yake, akavua pama.

"Mwakeye, mushikanje."

Shangazi naye aliinuka, ingawa miguu ilikuwa imevimba. Walikumbatiana, wakashikana mikono, wakaanza salamu, za watu, za mvua, za mashamba, bila kuruka hata moja. Mimi nilijifanya naangalia matairi. Nililia, na sina haja ya kuficha.

Walipomaliza, shangazi alisogea hadi kwenye gari. Aliliwekea mkono juu ya paa, ambalo lilikuwa halimpiti sana, akainama akachungulia ndani, kile kiti, pale magoti yanapokaa, akamgeukia Baba na kumtazama toka chini hadi juu.

"Wewe wote umetoka humu?"

"Wote," Baba alisema. "Watu walisema ni kadogo, hakatanitosha."

Shangazi akajishika kiuno, pale nyuma, kama mtu aliyekumbuka mzigo.

"Mgongo wangu ulikuwa mdogo kuliko haka," alisema, "na ulikutosha."

Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia, akamwambia mdogo wake arudi kwenye kiti chake, na akaniambia mimi niwashe gari, anataka kwenda kuuona tena ule mto waliouvuka.