Kunguru Aliyengoja Kunyonyolewa Senene

Kinda la kunguru nililipata Nyabiyonza mwishoni mwa Oktoba, kwenye mkaratusi niliouangusha mwenyewe. Mimi ni seremala. Mti ule nilikuwa nimeukagua nyufa zake, mpindo wake na upande utakaoangukia, kiota sikukikagua. Makinda mawili yalikuwa yamekufa. La tatu lilifungua mdomo mwekundu likadai chakula. Kwa kuwa mimi ndiye niliyebomoa nyumba yake, nilimtia ndani ya kofia nikarudi naye Kihanga.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini vitabu ninavyo. Kimojawapo kilikuwa cha ufugaji wa kuku, nikakifuata kwa siku moja. Kifaranga cha kuku huonyeshwa chakula, akadonoa. Kinda la kunguru hupanua mdomo na kupiga kelele mpaka chakula kifikishwe kooni. Nilifunga kitabu, nikafungua daftari. Niliandika: yai la kuchemsha, kwa kijiti butu, kila nusu saa, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mlango wa mteja wangu mmoja ulibaki mbao kwa wiki tatu.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu.

"Mayai ya kuku wangu anakula nani?"

"Kunguru."

"Na huyo kunguru akikua atakula nini?"

"Vifaranga," nilisema, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Novemba senene, panzi wetu wa kuliwa, walishuka, na kuku wakapumzika. Kila asubuhi niliokota senene majanini wakati bado umande unawalemea, nikakaa barazani kuwanyonyoa mabawa, miguu na vipapasio, nikamlisha viwiliwili vilivyobaki. Kwetu senene haingii mdomoni mwa mtu na mabawa yake. Sikuwaza kwamba ndege ni jambo jingine, wala simjui mtu wa Karagwe ambaye angewaza. Wanawake waliopita njiani kwenda kanisani walisimama kunitazama, maana kunyonyoa ni kazi yao.

"Baba Kunguru, shikamoo!" alisema mmoja. "Mama Kunguru yuko wapi?"

"Mimi sikumzaa," mke wangu alijibu kutoka jikoni.

Kunguru alikua. Alipata ukosi mweupe na akili ambayo sikuiomba. Aliichukua penseli kutoka nyuma ya sikio langu na kuificha kwenye vumbi la mbao, kisha akanitazama nikiitafuta. Misumari aliipanga kwa ukubwa, ingawa hili mke wangu halikubali. Alijua kuruka. Jambo moja hakulijua: kula senene mzima. Nikimwekea mbele senene aliye hai, alimshika kwa mdomo, akaja, akamweka pajani kwangu na kungoja.

Upande wa pili wa migomba anaishi jirani yetu, mama mjane. Naye alikuwa akinyonyoa senene kila siku, ili awakaushe kwa ajili ya binti yake aliyeko Bukoba. Kunguru aligundua baraza lake kabla mimi sijagundua kwamba amegundua. Siku moja mama yule alikuja karakanani na ungo mkononi.

"Mwanao ameiba tena."

"Shikamoo, mama. Wangapi?"

"Marahaba. Unaniuliza wangapi, kwani mimi nahesabu senene? Walio hai wamejaa majanini, hawagusi. Wale ambao sijawanyonyoa, hawagusi. Anachukua walio tayari! Hata marehemu mume wangu hakudeka hivi."

"Nitamfundisha."

"Mfundishe. Nakupa mpaka Jumapili ya pili. Akitua kwangu baada ya hapo, dawa ya panya ninayo."

Nilijua anayo, kwa sababu mimi ndiye niliyemletea.

Nilimfungia karakanani, nikapanga somo kwa hatua. Siku mbili za kwanza nilimpa senene aliyebakiwa na mguu mmoja. Alikula. Siku ya tatu miguu miwili. Alikula akikunja shingo. Siku ya tano niliacha bawa moja. Alimweka pajani kwangu. Nilimrudishia. Alimweka tena pajani, safari hii akinidonoa kidole, kama mtu anayemwamsha mfanyakazi aliyesinzia. Tulirudishiana senene huyo asubuhi nzima. Saa sita nililing'oa bawa, naye akala. Katika daftari niliandika kwamba mwanafunzi hajaelewa. Baadaye nilifuta neno mwanafunzi nikaandika mwalimu.

Juma la pili niliacha kumnyonyolea na kumlisha. Nilimwaga senene hai ndani ya karakana, nikafunga mlango na kukaa nje, mikono chini ya mapaja. Alilia siku nzima. Mke wangu, ambaye hakumtaka tangu mwanzo, alikuja mara mbili kuniuliza kama nina moyo. Nilimjibu kwamba dawa ya panya haina moyo pia.

Siku ya pili alinyamaza. Nilidhani amekufa. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa amemkandamiza senene kwa ukucha juu ya benchi langu. Aling'oa bawa la kushoto akaliweka kando. La kulia, kando. Miguu, mmoja mmoja, mirefu kwanza. Vipapasio mwishoni. Ndiyo mpangilio wangu mwenyewe. Kisha akala.

Jumapili ya pili nilifungua mlango. Mama jirani alikuwa ametoka ibadani na ungo wake uko barazani. Kunguru alipita juu ya migomba, akatua kwenye bati lake la jiko, nami nikasimama uani. Mama alishika kifuniko cha kopo la dawa ya panya. Kunguru alishuka majanini, akapanda na senene mzima, akaanza kunyonyoa.

Mama alimtazama mpaka mwisho.

"Anafanya polepole," alisema, na kuweka kopo chini. "Kama wewe."

Siku hizi analala kwenye mikaratusi ya barabarani pamoja na kunguru wenzake, na mimi hanijali sana. Mvua za Machi zilipoanza, maji hayakushuka kwenye pipa letu. Nilipanda ngazi kukagua mfereji wa bati. Nilizoa mabawa na miguu ya senene iliyokauka, debe moja na nusu.