Bomba Liligongwa Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza mgodini niligonga kichwa mara nyingi mpaka wachimbaji wakachoka kunipa pole. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa madini, kofia ngumu mpya na buti zilizonibana, na nilidhani mwamba ungenitambua. Meneja alinipokea kwenye mdomo wa njia ya mgodi, akanitazama nikijipapasa utosi.

"Chuoni walikufundisha kutembea umeinama?"

"Hapana, mzee."

"Basi wamekuleta kabla hujamaliza."

Mgodi wenyewe ulikuwa kusini ya Kigoma, kwenye kilima kinachoteremka mpaka ziwani. Ulitoa mbale ya madini ya risasi na shaba kidogo. Mbale ni jiwe lenye madini ndani yake, kabla halijasagwa na kuyeyushwa. Vijana mnaoniuliza habari za kazi hiyo mnadhani tulikuwa tukiokota vitu vya kung'aa. Jiwe la risasi hung'aa kidogo likivunjwa, kisha hufifia kama mtu aliyekumbuka msiba.

Tuliingia kilimani kwa njia ya mlalo, halafu tukashuka kwa ngazi. Mashine za kutobolea ziliendeshwa kwa hewa iliyosukumwa na kompresa kutoka nje, ikipita kwenye bomba la chuma lililotambaa ukutani mpaka ndani kabisa. Ukishatoboa, unajaza baruti, unalipua, unangoja moshi utoke. Kisha unagonga dari kwa mtaimbo na kusikiliza. Dari nzima hulia kama kengele, dari iliyoachia hulia kama debe lililojaa unga. Tulichimba vyumba vyumba, na kati ya chumba na chumba tuliacha nguzo za mwamba zibebe kilima. Ubaya ni kwamba nguzo hizo nazo zilikuwa mbale, tena mbale nzuri.

Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi. Vita ilikuwa Burundi, kisha ikawaka ng'ambo ya ziwa, nasi tulikuwa katikati. Matishari yaliyobeba mbale yetu kwenda bandarini Kigoma yakakodiwa kubeba mahindi na watu. Dizeli ikaadimika. Mbale ikarundikana ufukweni, kuku wakataga juu yake. Wanunuzi hawangoji mtu, wakaenda kwingine. Meneja akafanya walichofanya mameneja wengi wa migodi inayokufa: aliamuru tule nguzo. Kula nguzo ni kuichonga ile mbale uliyoiacha ishike dari, na kusimamisha magogo mahali pake.

Nilimwambia kilima hakitakubali.

"Unataka nguzo au unataka mshahara?" akaniuliza.

Nilitaka vyote viwili. Ndivyo nilivyosomeshwa.

Magogo yalihitaji fundi, na fundi tuliyempata alikuwa Nestori, seremala kutoka Burundi aliyetoroka kambini. Sheria haikumruhusu mkimbizi kutoka kambini bila kibali, wala sisi kumwajiri, na Meneja alilipenda sana jambo hilo, kwa kuwa mtu asiyeruhusiwa kuwapo haombi nyongeza. Hakuwa peke yake. Akija mgeni wa serikali, mtu mmoja alipiga kelele njiani, "Chai tayari!" na Warundi wote wakapotelea kwenye vyumba vya zamani mpaka mgeni aondoke. Walizoea hivyo, na sisi tukazoea kuwahesabu wachimbaji bila wao.

Nestori alifanya kazi na Yasini, kijana wa Kasingirima, kule Ujiji, asiyeweza kunyamaza, na Edisoni, Muha mpole aliyecheka utani wa Yasini hata kabla haujaisha.

"Nestori," Yasini alizoea kusema, "kwenu milima imejaa. Mmefuata nini hiki kimoja chetu?"

"Ya kwetu imejaa wanajeshi, bwana. Hiki kina wewe tu."

"Afadhali wanajeshi!" Edisoni alidakia, na wote watatu wakacheka huku wakipigilia kabari juu ya gogo.

Siku aliyokuja Mkaguzi wa Migodi, kelele za chai zilipigwa kama kawaida. Nestori hakwenda kujificha. Dari ya chumba cha mwisho ilikuwa ikidondosha vumbi, na alikuwa na gogo moja la kukaza. Wenzake wawili walibaki kumshikia. Mimi na Mkaguzi tulikuwa bado nje tulipousikia upepo kabla ya kishindo. Ulitoka kwenye njia ya mgodi ukapeperusha kofia zetu, na nyuma yake likaja vumbi jeupe. Nguzo ilikuwa imepasuka.

Mkuu wa zamu, Mzee Kagoma, alitoka akiwa mweupe kama mpaka chokaa. Alinivuta kando. "Wamebaki watatu. Yasini, Edisoni na Nestori."

Hatua chache kutoka pale, Meneja alikuwa akimwambia Mkaguzi, "Wawili."

Mgodini kuna desturi. Waliofukiwa wakilifikia bomba la hewa huligonga, pigo moja kwa kila aliye hai, wanatulia, wanarudia. Tulishuka mpaka palipoziba, tukaweka masikio kwenye chuma. Bomba likagongwa mara mbili. Likatulia. Mara mbili tena.

"Alhamdulillahi," alisema Meneja, na nadhani alimaanisha idadi zaidi ya watu.

Mimi moyoni nilikwisha kumzika Nestori. Mzee Kagoma alitikisa kichwa. Alininong'oneza, "Wanajua mkubwa yuko hapa. Wanamficha."

Akaagiza kompresa izimwe kidogo, akafungua kiungo cha bomba, akaingiza mdomo na kuita kwa Kiha, ambacho Mrundi hukielewa na Mkaguzi, mtu wa pwani, hakukielewa hata kidogo. "Muri bangahe?" Aliwauliza wako wangapi.

Sauti ilikuja nyembamba kama ya redio iliyoishiwa betri. "Turi batatu."

Watatu. Hata chini ya kilima kilichoanguka walikuwa wamekumbuka kutomhesabu mwenzao.

Tukachimba. Unaondoa jiwe, unasimamisha gogo, unasogea, unaondoa jingine. Tulipopenya, Yasini na Edisoni walikuwa karibu, wamechubuka tu. Nestori alikuwa mbele zaidi, mguu chini ya jiwe. Tuliwavuta wale wawili, na papo hapo magogo yakaanza kulia juu ya vichwa vyetu.

"Idadi imetimia," alisema Mkaguzi. "Watu wote nje!"

Meneja alinishika mkono. "Mhandisi, fikiria wanaokula kwenye mgodi huu. Fikiria na watoto wao."

Niliwafikiria. Mzee Kagoma alitazama buti zake. Alikuwa na kaya kubwa, na alikuwa amekwisha kusema yake kupitia bomba. Yasini, ambaye hakuwahi kunyamaza, alikuwa akinitazama tu.

"Bado mmoja," nilisema. Msinipigie makofi. Nilisema kwa sauti ndogo mpaka Mkaguzi akaniambia nirudie, na mara ya pili nilikohoa katikati.

"Mmoja nani?"

"Mkimbizi. Fundi wa magogo."

Mkaguzi alimgeukia Meneja. "Na wengine mnao?"

Meneja akaanza kuikung'uta kofia yake vumbi. Mkaguzi alisikiliza magogo yanavyolia, akavua koti lake. "Nina mamlaka ya kuufunga mgodi huu, na nitaufunga," alisema. "Sina mamlaka ya kuliacha tundu hili na mtu yumo. Leteni magogo."

Yasini alikataa kutoka. Aliingia wa kwanza, akitukana jiwe matusi ya Ujiji yote anayoyajua. Tulilinyanyua kwa mitaimbo na kumvuta Nestori kwa mabega. Alifumbua macho, akaniona.

"Nani anajua niko huku?"

"Wote."

"Na yule wa serikali?"

"Huyo hapo, ameshika gogo lako."

Akayafumba tena. "Basi mmenitoa shimoni mkanitia kwenye lori."

Ndivyo ilivyokuwa. Hospitalini walimkata mguu, na alipopona alirudishwa kambini, yeye na wenzake wote waliokuwa wakijificha kwenye vyumba vya zamani. Mgodi ulifungwa. Pampu za kutolea maji zilipozimwa, maji yalipanda ngazi yenyewe, bila haraka, mpaka yakafika pale tulipoweka masikio. Yasini aliingia kwenye dagaa, Edisoni alirudi kulima. Meneja alipata mgodi mwingine, mameneja hupata. Mimi nilistaafishwa kabla sijaota mvi, nikahamia Gungu kufundisha hesabu na kuandika makala kama hizi ambazo mke wangu huzifungia maandazi. Mzee Kagoma nikikutana naye namwamkia shikamoo, naye hunijibu marahaba, mwanangu, kwa upole uleule. Lakini hanikaribishi tena kwake. Wanawe wawili walikuwa wachimbaji wa mgodi ule.

Nestori nilimwona mara moja tu baadaye, wakati wakimbizi walipokuwa wakirudishwa makwao. Nilikwenda ufukweni Bangwe nikamtafuta kati ya wenye magodoro na mabeseni waliokuwa wakiingojea meli. Alikuwa na magongo aliyoyachonga mwenyewe, kazi safi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuagana. Hakunipa nafasi.

"Mhandisi, ule mgodi walifungua tena?"

"Hapana."

"Na wale vijana?"

Nikamweleza. Alisikiliza, akayatazama magongo yake.

"Kwetu ni kwenye mlima," alisema. "Shamba limelala hivi." Akauinamisha mkono wake kunionyesha mteremko. "Sasa niambie wewe uliyesoma, nitalimaje pale?"

Watu waliokuwa nyuma yake wakasukumana, naye akasogea na foleni.

Ninyi vijana huniuliza kama leo ningesema tena kwamba amebaki mmoja. Ndiyo, ningesema. Huwa najibu haraka, kabla sijamkumbuka akiuinamisha ule mkono.