Dhahabu Isiyotoka kwenye Karatasi

Nimewadharau watu wengi maishani, lakini yule mchoraji wa makombe aliyekodi chumba nyuma ya soko la Isiolo nilimdharau kwa raha. Kombe, kwetu, ni dua inayoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Babu aliandika hivyo maisha yake yote. Huyu bwana alikuja na mtindo mpya: karatasi nene, miraba yenye herufi ndani, nyota kwenye pembe, mpaka wa maua, na kila kitu kimezungushiwa dhahabu ya kuumiza macho. Miraba yenyewe ilikuwa fotokopi. Kazi yake ilikuwa kujaza rangi tu kama mtoto wa chekechea, na hata hiyo alikuwa akivuka mistari.

Dada yangu mkubwa alinunua moja. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu aliibeba kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa hadi ukingoni. Kliniki alikuwa akienda, lakini alitaka dua nayo iingie mwilini.

Aliiloweka ile karatasi kwenye beseni baada ya swala ya alfajiri. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa safi vilevile. Alinipigia simu akilia, nikamkuta ameketi sakafuni, beseni mbele yake.

"Dua imekataa kushuka," akaniambia. "Nimerudi kwa maalim. Amesema karatasi yake haina shida, ni moyo yangu imefunga."

Nilipandwa na hasira. Mimi kazi yangu ni kuandika maneno kwenye malori yanayokwenda Merti, na ile dhahabu niliijua hata kabla sijainama. Ni rangi ya mafuta, ileile ninayopaka juu ya kioo cha dereva, isiyojali mvua wala mchanga. Tapeli mwenye akili angalau angetumia rangi ya chakula. Huyu hata kudanganya hakujifunza. Alichukua kitu cha kuoshwa, akakitia rangi isiyooshika, kisha lawama akamtwika mwanamke mjamzito.

Niliitoa karatasi majini, nikaikwangua nyota moja kwa kisu. Ikabanduka nzima. Nikamwekea kiganjani.

"Hii ni rangi ya lori, dada. Hata uiloweke mpaka Ramadhani haitoki. Wajinga ndio waliwao, na wewe si mjinga."

Sikuishia hapo. Nilimcheka maalim, nikayacheka maua yake, nikasema hata punda wa Burat angechora mraba ulionyooka kuliko ule. Nilijisikia vizuri sana.

Dada alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akainuka, akayamwaga maji nje, akarudi na kusimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Sawa, nimeona ni rangi," akasema. "Sasa mimi nitakunywa nini?"