Siku Aliyonyamaza Kagure

Watu wa Mukurweini hununua ndizi kwa Kagure ingawa wengi wao wana migomba nyumbani. Wanataka kusikia atasema nini. Mteja akizibonyezabonyeza ndizi bila kununua, Kagure humwambia kwa upole, "Daktari, ukimaliza kuwapima hao wagonjwa, uniambie kama watapona." Mteja hucheka, kisha hununua.

Lakini mchumba wa kwanza wa binti yake, Wendy, hakucheka. Alikuja na suti ya kuazima iliyomfunika hadi vidole, naye Kagure akamwambia, "Suti nimeiona. Mwenyewe atafika saa ngapi?" Kijana hakurudi tena.

Kwa hiyo mchumba mpya, Theuri wa Nanyuki, alipopanga kuleta watu wake kwa ruracio, yale mazungumzo ya mahari, Wendy alimwapisha mama yake asifungue mdomo siku hiyo. Kagure akakubali, akajifungia jikoni na viazi vyake.

Wageni walifika wakiimba, wakasimama nje ya lango. Desturi ni kwamba wanawake wa nyumbani huwajibu kwa utani, na lango hufunguliwa pande zote zikishachoka kucheka. Wachuka, shangazi yake Theuri, akaita, "Hapa kuna watu, ama tumefika makaburini?"

Kimya. Miaka yote aliyejibu alikuwa Kagure. Wengine walizoea kuitikia tu.

Wachuka akaita tena, safari hii bila kucheka. "Kama hatutakiwi, si mtuambie?" Theuri akapangusa jasho. Nyuma yao gari moja likawashwa.

Wendy akakimbilia jikoni. "Mami, jibu!"

"Si ulisema ninyamaze?"

"Mami, tafadhali! Wanaenda!"

Kagure akafuta mikono, akatembea polepole hadi langoni.

"Poleni, wageni. Mmeimba vizuri mpaka tukadhani ni redio, tukangoja matangazo yaishe."

Wachuka akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Hii redio inatafuta msichana!"

"Msichana tuko naye. Lakini huyo kijana amekonda kwa mapenzi, ama huko Nanyuki chakula yote mnapea wanajeshi wa ile kambi yenu?"

"Ndio tumekuletea umnenepeshe!"

Gari likazimwa, lango likafunguliwa kwa vigelegele.

Wakati wa chai, Wachuka alichukua ndizi, akaibonyeza, akairudisha, akabonyeza nyingine. Kagure akauma midomo, akamtazama binti yake.

Wendy akamwitikia kwa kichwa.

"Daktari," Kagure akaanza.